Mwalimu wa Mazoezi Anajibu: Kilo 94, koti la nailoni na kamba ya Dubai

Tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, barua za safu hii zimebadilika. Kwetu ilikuwa bado usiku wa manane alipoingia uwanjani na kumaliza kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Mjerumani Amanal Petros, na ikabidi picha ndizo ziamue. Zamani wasomaji waliniuliza dawa ya kitambi. Siku hizi wananiuliza waanzeje kukimbia. Kwa mtu aliyefundisha michezo sekondari za Kilimanjaro mpaka kustaafu, na ambaye sasa anaongoza kundi la akina mama na wazee alfajiri pale Temeke, hiyo ni furaha kubwa. Mwezi huu nimechagua barua chache zinazowagusa wengi, nyingine nimezifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 38, watoto watatu, nauza vitambaa Mbagala Rangi Tatu. Nina kilo 94 na urefu wa sentimita 160. Nimejiunga na kikundi cha joging cha mtaani. Kila Jumapili tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, tunakimbia kilomita kumi huku tunaimba, tunarudi. Nafurahi sana, lakini magoti yananiuma mpaka Jumatano na mizani haijashuka hata kilo moja. Mume wangu anasema huu mwili ni wa ukoo, niache kujitesa. Niache? — Mama Watatu, Mbagala

Marahaba mama. Usiache. Ila usiendelee hivyo hivyo.

Nianze na magoti. Unapokimbia, kila hatua inapotua mguu unapokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kwa kilo 94 piga hesabu mwenyewe, halafu zidisha kwa maelfu ya hatua zilizomo katika kilomita kumi. Mzigo huo goti linaweza kuuzoea, na huuzoea kweli, lakini kwa kupewa kidogo kidogo mara nyingi. Wewe unalipa kilomita kumi kwa mkupuo siku moja, kisha siku sita hulipi kitu. Tena mwendo unaokimbia si wako, ni wa filimbi ya kiongozi. Kuna jambo jingine ambalo wanaoanza hawaambiwi: pumzi hujengeka haraka, ndani ya wiki chache tu unaanza kujisikia mwepesi kifuani. Kano, gegedu na mifupa vinahitaji miezi. Ndiyo maana watu wengi huumia mwezi wa pili au wa tatu, kifua kinawaambia twende na goti bado halijawa tayari.

Kwa hiyo gawanya. Chukua siku tatu, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Anza kwa kutembea haraka dakika tano. Kisha kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane. Dakika ishirini na nne tu, basi, nenda ukaoge. Fanya hivyo wiki mbili. Wiki mbili zinazofuata kimbia mbili, tembea mbili. Halafu tatu kwa mbili. Ukienda hivyo bila haraka, mwezi wa tatu au wa nne utakimbia dakika ishirini mfululizo, na goti litakuwa limepata muda wake. Hizo dakika za kutembea usizionee haya. Mimi mwenyewe nazitumia na kundi langu, pamoja na wale walio wembamba.

Mwendo uwe upi? Uwe wa kuweza kuongea. Ninapokimbia kando ya mama mgeni humuuliza bei ya vitunguu sokoni wiki hii. Akinijibu sentensi nzima, bei ya jumla na ya rejareja na lawama kwa wachuuzi juu, najua yuko sawa. Akijibu neno moja na kuvuta hewa, tunapunguza. Mwanzoni mwendo huo utakuwa wa polepole mno, utahisi hata anayetembea atakupita. Akupite. Na kimbilia kwenye udongo ukipata, uwanja wa shule ni bora kuliko ukingo wa lami, maana ukingo umeinama na mguu mmoja unakuwa mfupi kuliko mwingine njia nzima.

Nyumbani, kila siku ya pili, chukua kiti kisicho na magurudumu. Kaa, inuka, bila kushika popote, mara kumi, pumzika, rudia mara tatu. Shuka polepole kuliko unavyopanda. Kisha simama kwenye kizingiti cha mlango, visigino nje, pandisha na ushushe visigino mara kumi na tano. Misuli ya paja na ya shavu la mguu ndiyo inayolibebea goti mzigo. Goti likivimba, likikwama au likikuuma usiku umelala, hapo siyo suala la safu hii tena, nenda hospitali likaangaliwe.

Sasa mizani. Hukuandika mnakula nini mkirudi, lakini nawajua wana joging wa Dar es Salaam, ni watu wangu: ni supu ya ng'ombe, chapati mbili na soda baridi, na kwenye bonanza ndiyo zaidi. Hesabu ya mbio ni rahisi, mtu anayekimbia huunguza takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita. Kilo 94 kwa kilomita kumi ni kalori kama 940, na hiyo ni kama umekimbia zote bila kutembea. Chapati iliyopikwa kwa mafuta ya kutosha haipungui sana kalori 300. Mbili, 600. Soda ya mililita 350 ina kama 150. Weka supu yenye nyama ya mafuta, na kabla ya saa nne asubuhi umeshavirudisha vyote ulivyovitolea jasho. Supu usiiache, ina chumvi na maji ambavyo mwili unavihitaji, na pale mezani ndipo urafiki wa kikundi ulipo. Badilisha ya pembeni: ndizi au muhogo wa kuchemsha badala ya chapati ya pili, maji badala ya soda.

Nyumbani angalia mafuta kabla ya kuangalia ugali. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na wengi tunamimina kutoka kwenye dumu moja kwa moja. Kesho unapopika mchicha, mimina kwanza kwenye kijiko, uhesabu. Akina mama wengi wa kundi langu wakifanya hivyo mara ya kwanza hushangaa. Ugali kula, lakini mboga zijaze nusu ya sahani, ugali robo, na robo iliyobaki maharage au dagaa au samaki. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, mara tatu kwa siku, ni chakula kingine kizima ambacho hakihesabiwi.

Lenga nusu kilo kwa wiki, isizidi kilo. Tena jua hili: kila kilo moja inayopungua mwilini hulitua goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Ukifika 89 tu, magoti yatakuwa mashahidi kabla ya kioo.

Kwa mumeo: ukoo una sehemu yake, silikatai, wapo wanaonenepa upesi kuliko wengine. Lakini moyo, presha na sukari hufaidika na mbio zako hata kilo zisiposhuka sana. Mwombe akusindikize Jumanne moja, atembee tu. Na wewe jiwekee shabaha isiyo ya mizani. Mbio za Kilimanjaro Marathon zinafanyika Moshi kila mwaka tangu 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na pamoja na kilomita 42 na 21 zina kilomita 5 za watu wote. Humo wapo bibi zangu wenye khanga kiunoni. Jiandikishe.

Kocha, mimi ni kijana wa miaka 26, Mwanza. Jimu ninayoenda wananiambia nivae koti la nailoni nikikimbia mchana ili mafuta yayeyuke. Nimejaribu, kwa saa moja nimepungua kilo moja na nusu. Niendelee kwa muda gani? — Kijana wa Nyakato

Acha leo. Nakuomba kama mwanangu.

Kilo moja na nusu uliyoiona ni maji lita moja na nusu, na ukinywa zinarudi zote jioni ileile, kama inavyotakiwa. Mafuta hayatoki kwa jasho. Mwili hutoa jasho ili jasho likauke juu ya ngozi na kuupoza. Ukilizuia lisikauke, mwili unazidi kutoa maji bila kupoa, damu inakuwa nzito, moyo unakimbia, joto linapanda ndani. Mtu akifika kwenye kuchanganyikiwa, kutapika, kuongea maneno yasiyoeleweka, huyo yuko katika hatari ya kufa, na wanamichezo vijana wenye afya wamekufa hivyo. Ukimwona mwenzako amefikia hapo, mvue koti, mweke kivulini, mmwagie maji mengi ya baridi mwili mzima wakati mwingine anatafuta gari.

Mabondia hufanya hivyo siku chache kabla ya kupima uzito, kwa sababu wanadaiwa namba fulani kwenye mizani kwa saa moja, na hata kwao ni hatari. Wewe hudaiwi. Vaa fulana nyepesi, kimbia saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali, na hayo maji yabaki mwilini.

Mwalimu, salamu kutoka Dubai. Mimi ni mtu wa Tanga, miaka 31, nafanya ulinzi zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, naishi Al Quoz. Nilikuja na kilo 74, sasa nina 88. Wenzangu wa kambini, Waganda na Wafilipino, wanajiandikisha mbio za vikwazo za kilomita 5: kupanda kuta, kamba, kutambaa kwenye matope, kubeba mifuko ya mchanga. Wananiita niingie kundini. Zimebaki wiki kumi na mbili. Kukimbia naweza kidogo, ila siwezi kujivuta kwenye bomba hata mara moja. Nitajiaibisha? — Mlinzi

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma kwa raha kuliko zote, maana hapa ndipo uzito na mazoezi vinapokutana waziwazi. Barabarani mtu mzito anaweza kujificha nyuma ya mwendo wa polepole. Kwenye kamba, kila kilo inahesabiwa na viganja.

Mbio hizi kwa sura ya sasa zilianzia Uingereza. Mwaka 1987 bwana mmoja, Billy Wilson, alianzisha Tough Guy kwenye shamba lake karibu na Wolverhampton, watu wakipita kwenye maji ya baridi ya Januari na matope. Mwaka 2010 zikaanzishwa Marekani Spartan Race na Tough Mudder, ndizo zilizozisambaza duniani. Uliza kundi lako ni zipi, kwa sababu hazifanani. Spartan fupi ni kilomita 5 na vikwazo 20, kuna saa, na kwa desturi ukishindwa kikwazo unapewa adhabu: kushuka chini, kifua kugusa ardhi, kuinuka na kuruka, mara 30. Siku hizi vikwazo vingine vina adhabu ya kukimbia mzunguko wa ziada. Tough Mudder haina mshindi, watu hupandishana ukutani kwa mabega. Kama ni ya pili, kundi lako litakuvusha. Kama ni ya kwanza, jiandae na hizo adhabu pia, zifanye kumi kumi kila wiki ili zisikutishe. Aibu haimo katika zote mbili.

Na usidhani ni mambo ya wageni tu. Waliopita JKT wanazijua kuta na kamba. Riadha yetu nayo ina mita 3,000 za kuruka viunzi na maji: viunzi 28, na dimbwi mara 7. Kenya ilichukua dhahabu ya wanaume ya mbio hizo kila Olimpiki iliyoshiriki kuanzia 1968 hadi 2016. Filbert Bayi wetu alipata fedha ya hizohizo Moscow mwaka 1980. Nilipokuwa naandaa wasichana kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tatizo lao halikuwa urefu wa kiunzi. Walikuwa wanapunguza mwendo hatua mbili kabla yake, wanafika wamesimama, na kuruka ukiwa umesimama ni kazi mara mbili. Niliwafundisha kukitazama kiunzi mapema, kuchagua mguu, na kuingia nacho kwa mwendo. Wewe na ukuta wako ni hivyohivyo.

Wiki nne za kwanza jenga mikono na mgongo. Tafuta bomba la michezo ya watoto kwenye bustani, au la nguo kama ni imara. Ning'inia tu. Sekunde kumi, pumzika dakika, rudia mara tano, siku tatu kwa wiki. Usikunje viwiko, lakini usiyaache mabega yapande masikioni, yavute chini kidogo. Ongeza mpaka ufike sekunde 45. Watu wengi huanguka kwenye vikwazo vya kuning'inia kwa sababu vidole vimefunguka, misuli mikubwa bado ina nguvu. Ukiweza kuning'inia, panda kwenye kiti mpaka kidevu kipite bomba, kisha jishushe polepole ukihesabu tano. Kushuka ndiko kutakakokujengea kupanda.

Kubeba utajifunza kwa dumu. Chukua dumu mbili za lita kumi, moja kila mkono, kilo ishirini jumla. Tembea nazo ngazi za jengo lenu, ghorofa tatu juu, tatu chini. Baadaye ndoo moja ya lita 20 uikumbatie kifuani, mgongo umenyooka, hatua fupi. Sisi tulizoea kuona mama zetu wakiitwika kichwani, lakini huku kifuani ni mikono na kiuno vinavyolia, kwa hiyo anza na nusu ndoo.

Kamba ina ujanja, na ujanja huu unaokoa kilo nyingi. Wenye mikono pekee hufika nusu na kurudi. Shika kamba juu kabisa, jivute kidogo, miguu iinuke. Iache kamba ipite nje ya mguu wako wa kulia, ipite chini ya unyayo wa kulia, halafu mguu wa kushoto uinyanyue kwa ndani na kuikanyagia juu ya kiatu cha kulia. Sasa kamba imebanwa kati ya viatu viwili na umesimama juu yake kama juu ya ngazi. Simama, nyoosha magoti, mikono ipande juu, legeza miguu, kunja magoti, bana tena. Nguvu inatoka mapajani, na wewe mlinzi unayesimama saa kumi na mbili mapaja unayo. Jifunze kubana ukiwa umeketi kwenye kiti kwanza, kamba ikining'inia mbele yako, mpaka miguu ifanye bila kuangalia. Kushuka usiteleze kwa viganja, vitaungua. Legeza, bana, legeza, bana.

Kwenye ukuta shika ukingo kwa mikono yote, tupa kisigino kimoja juu, kiuno kifuate. Upande wa pili usiruke kutoka juu. Ning'inia mikono ikiwa imenyooka, ndipo uachie, utabakiwa na umbali mdogo wa kuanguka. Vifundo vingi vya miguu vinavyovunjika huvunjwa na kuruka kwa furaha baada ya kupanda.

Mbio zenyewe, siku tatu. Moja polepole dakika 30 hadi 40. Moja fupi yenye ngazi. Ya tatu ya kukatiza: kimbia mita 400, piga pushapu kumi, kimbia 400, chuchumaa na kuinuka mara 20, endelea hivyo mara sita. Ni kwa sababu kikwazo hukukuta moyo unadunda, na unatakiwa ushike kamba kwa mikono inayotetemeka. Kwa zamu yako ya saa kumi na mbili, usiibe usingizi ili ukimbie. Ukitoka zamu ya usiku umechoka, lala kwanza. Joto la huko unalijua, kimbia kabla ya jua au baada ya isha.

Chakula cha kambini ni wali, nafikiri, na biriani ya mafuta usiku wa manane. Punguza wali nusu, ongeza dengu, mayai, na laban, yale maziwa ya mgando ya kunywa, isiyo na sukari. Tende mbili tatu kabla ya mazoezi zinatosha. Kilo 88 kushuka mpaka 82 kwa wiki kumi na mbili inawezekana bila kujinyima, na hizo sita utaziona kwenye kamba kabla ya mtu mwingine kuziona usoni.

Siku yenyewe usivae pamba, ikilowa matope inakuwa mzigo. Vaa soksi ndefu zilinde magoti na ugoko unapotambaa. Funga kamba za viatu fundo mbili, matope hunyonya kiatu. Hakikisha chanjo ya pepopunda iko hai, na mkwaruzo wowote uoshe kwa maji safi na sabuni mara tu unapomaliza.

Assalaam alaykum Mwalimu. Niko Mombasa, miaka 34. Nimezoea kutembea na kukimbia jioni pale ufukweni Mama Ngina nikiwa na buibui jepesi na raba. Kila Ramadhani naacha kabisa, na kila Ramadhani naongezeka kilo tatu. Inakuwaje mtu afunge na anenepe? — Bi wa Majengo

Waalaykum salaam dada yangu. Inakuwa kwa sababu ya meza ya futari, na wewe wa pwani unaijua: kaimati zinazong'aa shira, tambi za sukari, mihogo ya nazi, viazi karai, mkate wa sinia, sharubati, kisha mlo mkubwa baada ya tarawehe, kisha daku. Saumu yenyewe haina kosa. Tui, sukari na mafuta ya kukaangia vimekusanyika katika usiku mmoja.

Usiache mwendo. Wiki ya kwanza tembea tu, nusu saa kabla ya magharibi, ili ukimaliza maji yako karibu. Ukizoea, kimbia kidogo ndani ya nusu saa hiyo, mwendo wa kuongea, na ukisikia kizunguzungu simama, tembea nyumbani. Wengine huona raha zaidi baada ya tarawehe, wakati futari imeshatulia, na hapo unaweza kukimbia kama kawaida kwa kuwa maji unakunywa. Usikimbie kwa nguvu mchana wa Mombasa ukiwa na saumu.

Fungua kwa tende na maji, kula supu au uji, nenda kaswali. Ukirudi, chagua kimoja cha nazi na kimoja cha sukari kwa usiku huo. Vingine vina zamu zake, mwezi una usiku wa kutosha. Daku isiwe chai na mkate mweupe, saa tano asubuhi utakuwa huna kitu. Maharage, mayai, uji wa mtama, parachichi, na maji bilauri mbili tatu kidogo kidogo. Kama unanyonyesha, una ujauzito au una sukari, mwone daktari wako kabla ya mwezi kuandama.

Kocha, viatu vya kukimbilia dukani bei haishikiki. Mtumba wa soko la Karume unafaa? — Mwanafunzi, Dar

Unafaa ukichagua kwa mikono. Kikunje: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapokunjika, kisikunjike katikati kama kandambili. Bonyeza soli ya ndani ya kisigino kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama ubao au imebonyea isirudi, sponji imekufa. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma, kikiinama upande mmoja kiache, mwenye nacho wa kwanza alishakitengeneza kwa mguu wake. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, maana mguu hutanuka ukikimbia. Nenda jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kutembea. Na usinunue kwa sababu ya jina lililoandikwa ubavuni.

Mwalimu, mimi ni mstaafu wa Dodoma, miaka 61. Natumia dawa za presha. Wajukuu wananiambia tukimbie pamoja mbio za hisani za kilomita 5. Wakati mwingine nikipanda ngazi kifua kinabana kidogo, nikipumzika kinaacha. Nianze na dakika ngapi? — Babu

Shikamoo mzee wangu. Usianze na dakika yoyote ya kukimbia kabla hujaonana na daktari, na usingoje kliniki yako ya mwezi ujao, nenda wiki hii. Kifua kinachobana ukipanda ngazi na kuacha ukipumzika ni jambo ambalo daktari anatakiwa kulisikia kwa maneno hayohayo uliyoniandikia. Mweleze, mwambie akupime moyo, mwambie pia kwamba unataka kutembea kilomita 5 na wajukuu. Kifua kikikubana umekaa, au maumivu yakienda mkononi, taya au mgongoni na jasho likakutoka, usisubiri asubuhi, wakupeleke hospitali saa hiyohiyo.

Presha peke yake haimzuii mtu mazoezi. Ikishadhibitiwa, kutembea haraka kila siku husaidia kuishusha, na wazee wa kundi langu wengi wanatumia dawa hizohizo. Zipo dawa zinazozuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo usifuate saa ya mkononi ya mjukuu inayohesabu mapigo, fuata uwezo wa kuongea. Dawa usiiache siku ya mazoezi.

Daktari akikuruhusu, niandikie aliyosema, presha yako inasoma ngapi siku hizi na majina ya dawa. Niambie pia kama mtaa wenu una vilima. Nitakupangia wiki sita za kutembea, na wajukuu nitawaandikia ya kwao.